Mikono ya Ntirampeba Haikuunguza Ile Mashine

Watu wa Kasulu mnaomsema Ntirampeba, someni hii. Mimi ni Verediana, mama yake Elieth mwenye studio. Shule niliishia darasa la pili, kusoma nikamalizia kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na mistari yangu inapanda mlima. Mtaisoma hivyo hivyo.

Ntirampeba alizaliwa Mtabila, kambini, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita ya kwao Burundi. Mama yake alifia humo akazikwa humo. Alilelewa na mjomba aliyekuwa akitengeneza redio chini ya turubai, na mwenyewe alisema alishika bisibisi kabla ya kushika kalamu. Kambi ilipofungwa, mwaka elfu mbili na kumi na mbili, walipakiwa kwenye magari wakarudishwa. Yeye kijana wa miaka kumi na minane, anarudishwa nchi ambayo hakuwahi kuiona. Baada ya miaka mitatu kwao kukachafuka tena, akavuka mpaka kwa miguu, akapelekwa kambi ya Nduta, huko Kibondo.

Huko ndiko Nurudini alikomkuta. Nurudini mnamjua, muuza simu na vifaa vya kompyuta hapa mjini. Alikwenda Kibondo kwa biashara zake akamwona kijana anafufua printa ambayo mafundi watatu walishaikataa. Akamwambia aje Kasulu, akampa meza nyuma ya duka, karibu na mlango wa uani ambako mvua ilikuwa inaingia. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa cha siku chache. Kikiisha anarudi Nduta kuomba kingine, anakaa huko wiki, wiki mbili, halafu mnamwona tena mezani ameinama.

Nurudini alimpa ahadi, na ahadi hiyo ndiyo kisa chote. Alimwambia, "Nitakuandikia barua ya kukusimamia upate kibali kirefu. Lakini nataka mashine moja kubwa, ya mtu anayejulikana, uishike wewe mwenyewe, ikae hadi Idi bila kurudi mezani. Nikiona hivyo, naandika."

Mashine yenyewe ikawa ya mwanangu.

Elieth alikuwa anapiga picha za video, za harusi na za mazishi. Za mazishi ndizo nyingi, maana watu wetu wametawanyika, mtu yuko Mwanza, mwingine yuko huko kwa wazungu, wote wanataka kuona jeneza likishuka. Alikuwa anazikata na kuziunganisha kwenye kompyuta aliyoinunua mnadani, ofisi moja ya misaada ilipofunga virago. Kompyuta nzuri ya jina, imekuja imefungwa tayari kutoka kiwandani, ndogo, nyeusi. Lakini kuitoa video moja ilichukua siku nzima na usiku wake, na ikifika katikati inaganda. Wakati huo mjini kulikuwa na kijana mwingine amefungua studio, akawa anakabidhi harusi siku ya tatu. Elieth akaanza kukimbiwa.

Nurudini akamwambia kinachokosekana ni kadi ya grafiki. Anayo moja, imetumika lakini nzima. Akamleta Ntirampeba nyumbani.

Nitasema ukweli, sikumpokea vizuri. Aliingia akasalimia, "Mwakeye, nyogokuru," ndiyo shikamoo bibi ya kwao. Nikamwambia, "Mimi si bibi yako. Bibi yako muulize mjomba wako alikomwacha."

Akacheka. "Basi mwakeye, mama."

"Viatu."

Akavua viatu.

Elieth akaninong'oneza kwa Kiha nimwache mgeni, na mimi nikamjibu kwa sauti, kwa Kiha, kwamba mkimbizi si mgeni. Nilisahau kwamba Kiha na Kirundi ni ndugu. Alisikia kila neno. Alitandika kitambaa chake sakafuni akaanza kazi.

Kazi yake nataka muijue. Kila skrubu aliyoifungua aliilaza kwenye kitambaa kwa mpangilio ilivyotoka, anahesabu kwa sauti ndogo, *rimwe, kabiri, gatatu*. Wakati wa kufunga anazihesabu tena kwa kurudi nyuma. Kama hesabu haikukaa sawa anafungua upya, hata kama ameshaomba maji ya kunawa. Nimeona mafundi wengi katika maisha yangu, wa baiskeli, wa cherehani, wa mashine ya kusaga, na wote wakimaliza wanabaki na skrubu mbili mfukoni wanakuambia hizo hazikuwa na kazi. Yeye hapana.

Alipofungua lile boksi la kompyuta aliguna.

"Nini?" Elieth akauliza.

"Dada, hizi za kiwandani wanazifunga kwa kubana. Hii pawasaplai yake, ya kugawa umeme humu ndani, ndogo sana, imepimiwa vile vilivyomo tu. Nikiweka kadi hii juu yake, itakuwa kama kumtwisha mtoto gunia la mahindi. Na waya wa kuilisha kadi haupo kabisa."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana. Lakini si leo."

Kijana mwingine angeichomeka kadi hivyo hivyo, akaondoka. Yeye alirudi siku ya nne na pawasaplai kubwa aliyoitoa kwenye mashine moja mbovu ya Kibondo, mashine ya Marekani. Plagi zake hazikulingana na za boksi letu, akaunganisha waya mmoja mmoja kwa risasi ya kuchomelea. Kipande cha bati la ndani kikawa kinaizuia kadi, akakikata kwa msumeno akapiga tupa kingo zisije zikamkata mtu. Alipowasha, Elieth akaweka harusi ya mwalimu mmoja ili aijaribu. Nilikuwa nimebandika maharage. Maharage hayajaiva, harusi imeshatoka.

Mwanangu alikaa chini akalia. Ntirampeba akageukia ukutani, akawa anakunja waya wake.

Wiki tatu mambo yalikwenda. Wateja wakarudi. Nurudini akawa anapita jioni anauliza, "Inasumbua?" Elieth anasema haisumbui, na Nurudini anatikisa kichwa kama mtu anayehesabu siku. Idi ilikuwa imebaki mwezi na siku chache.

Aliyesumbuka ni mimi. Luku, umeme wetu wa kulipia kabla. Mita iko nje ya chumba changu, na mimi ndiye ninayeiangalia. Zamani uniti zilitukalisha wiki. Tangu kadi ile iingie, zilikuwa zinayeyuka. Nilimwambia Elieth, akasema, "Mama, inakula zaidi kwa sababu inafanya zaidi." Nikamwambia hata ng'ombe anafanya kazi na hali umeme. Akarudi kwenye mashine yake, na mimi nikajua nimeshinda.

Siku moja ya Alhamisi feni ya mashine ikaanza kukoroma. Ntirampeba akaja mchana. Akazima swichi ya ukutani, akachomoa, akafungua, akaitoa pawasaplai nje akaipuliza vumbi letu jekundu, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda namwangalia. Alipogeuza mgongo wa lile boksi nikaona kitu chekundu, kidogo kama punje ya hindi, kimezama ndani, kina namba.

"Hicho chekundu ni nini?"

"Cha kuchagua umeme, mama. Hapa mbili thelathini, hapa mia moja na kumi na tano. Umeme wa hu..."

"Namba nazijua," nikamwambia. "Usinisomeshe nyumbani kwangu."

Akachomeka waya nyuma ya boksi, akahesabu skrubu zake kwa kurudi nyuma, zikatimia. Akainuka awashe swichi ya ukutani, kumbe umeme wa mtaa mzima umekatika. Akasubiri kidogo. Kibali chake kilikuwa kinaisha kesho yake, gari la Kibondo linaondoka asubuhi na mapema, na alikuwa hajafunga mizigo.

"Umeme ukirudi mtawasha tu," akasema. "Iko sawa."

Akaondoka. Elieth alikuwa Heru Juu kwenye mazishi ya Mzee Dadi, anapiga picha.

Nikabaki mimi na lile boksi, mgongo wake bado umenielekea. Nikafikiri hivi: kama mtu unaweza kuchagua umeme, na huu wa chini ni nusu ya ule wa juu, kwa nini hawa vijana wameweka wa juu? Ni kwa sababu Luku hawainunui wao. Nikachukua ncha ya kisu cha kumenyea mihogo, nikakisukuma kile chekundu mpaka mia moja na kumi na tano. Kiliingia kwa mlio mdogo, tik. Nikarudisha boksi mahali pake. Nikajisifu.

Jioni hiyo umeme haukurudi. Ulirudi asubuhi. Elieth akaamka na picha za Mzee Dadi kwenye kamera. Zilikuwa nusu, sehemu ya pili tu. Sehemu ya kwanza, mwili kufikishwa nyumbani na watoto wake kuaga, alikuwa ameiweka kwenye mashine Jumatano usiku aliporudi kutoka msibani, akafuta kamera apate nafasi. Akabonyeza swichi ya ukutani.

Mlio wake ulikuwa kama wa fataki ndani ya sufuria. Moshi, na harufu ya samaki aliyeoza akaungua. Nilitoka chumbani nikamkuta mwanangu amekaa sakafuni, mikono kichwani, hajaumia.

Hapo bado sikujua. Nataka hilo mliamini, ingawa halinisaidii. Nilimtukana Ntirampeba mimi mwenyewe, kwa sauti, majirani wakasikia.

Aliitwa. Alikuwa hajafika Kibondo, Nurudini alimpigia simu akashuka Makere akarudi. Akakuta sebuleni kwetu watu watano: Elieth, mimi, Nurudini, na watoto wawili wa Mzee Dadi, Omary na dada yake Tunu. Nikawapa chai, maana watu wakija kwangu hata kwa shari wanakunywa chai.

Ntirampeba hakukaa. Alipiga magoti mbele ya boksi, akalifungua bila kuhesabu. Pawasaplai imepasuka. Madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua. Diski, iliyokuwa na kila kitu, imekufa. Kadi ya grafiki nayo ina doa jeusi. Halafu akageuza mgongo wa boksi, akatulia. Akaweka kidole kwenye kile chekundu.

"Iko mia moja na kumi na tano," akasema.

"Ndiyo nini?" Omary akauliza.

"Umeme wetu ni mbili thelathini. Ukiiweka hapa inapokea mara mbili ya inachoweza. Inapasuka." Akajifuta uso. "Jana niliitoa nikaipuliza, nikaifuta. Itakuwa kitambaa kiliisukuma. Nilikuwa nimeiangalia... naona kama niliiangalia."

"Unaona, au uliiangalia?" Nurudini akasema.

"Sijui, bosi."

"Fundi anasema hajui!" Omary akasimama. "Baba yetu tutamzika mara ya pili ili wewe ujue? Mama yangu yuko kitandani hakuweza kutoka hata mlangoni. Alikuwa anasubiri picha hiyo amwone mumewe anavyoagwa."

Tunu akamvuta shati, "Kaka, kaa chini," lakini hata yeye hakuwa akimtazama Ntirampeba.

Mimi nilikuwa na birika mkononi. Nilikuwa nimeshaelewa tangu aliposema neno iko. Wote walikuwa wamenyamaza, na ukimya ule ulikuwa wangu, ulikuwa umefunguliwa kama mlango ili mimi nipite. Nikafungua mdomo.

"Chai inapoa," nikasema.

Ntirampeba akainamisha kichwa. "Ni mimi," akawaambia. "Nisameheni. Ni mikono yangu."

Nurudini aliweka kikombe chini bila kunywa. Alisema meza nyuma ya duka ataihitaji. Barua hakuitaja, na hakukuwa na haja.

Wangapi kati yenu wamenijua tangu kule kijijini Rungwe Mpya? Mnajua mume wangu alipokufa ndugu zake walitaka niondoke shambani, na sikuondoka. Nilikaa mlangoni na jembe siku mbili. Mnajua nimemsomesha Elieth kwa mawese na sikuinamia mtu. Hilo limekuwa jina langu mjini, Verediana hainami. Basi jina hilo ndilo lililofunga mdomo wangu. Nilijiambia, yeye ni kijana, atapata meza nyingine. Nilijiambia, nyumba hii imeshapoteza mashine, isipoteze na heshima ya mama. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Baada ya siku kumi na moja alirudi. Elieth hakuwepo, alikuwa anazunguka kutafuta kibarua kwa yule kijana mwenye studio, yule yule. Nikasikia hodi. Ntirampeba amesimama nje, viatu ameshavivua kabla ya kuambiwa, ameshika kile kitambaa chake kimefungwa fundo.

"Nimeleta vyombo vyangu, mama. Bisibisi zote, na pasi ya kuchomelea. Ni vya dada Elieth. Haviwezi kulipa, lakini ndivyo nilivyonavyo."

Ningesema nini? Ningesema rudi navyo. Nikasema, "Weka hapo."

Akaweka kizingitini. Hakuondoka. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vinajikunja na kujikunjua kama vya mtu anayetafuta kitu gizani.

"Mama, wewe ulikuwepo siku ile. Ulikaa pale kwenye kigoda, ukanitazama mwanzo hadi mwisho. Nakuomba uniambie kitu kimoja tu. Sitamwambia mtu. Uliniona nikigusa ile swichi? Maana mimi nikifumba macho naiona iko mbili thelathini. Naiona kabisa. Kama sikuigusa, basi kuna kitu kingine, nitakitafuta. Kama niliigusa na ninaona sikuigusa, basi kichwa changu si cha kazi hii tena."

Alikuwa ananiuliza mimi, tuko wawili tu. Hakukuwa na Omary, hakukuwa na Nurudini. Ningesema pale pale na Kasulu isijue kamwe.

"Sikuona," nikamwambia. "Mimi macho yangu ni ya kizee."

Akasema, "Asante, nyogokuru." Mara hii sikumkemea.

Vyombo vilikaa kizingitini siku tatu. Elieth alivikuta akauliza, nikamweleza alivileta. Akavichukua akaviweka juu ya kabati na hakuvigusa. Mimi nikawa nashindwa kupita mlangoni. Nalala, naamka, nasikia *rimwe, kabiri, gatatu*. Siku ya Jumapili Tunu akanisimulia nje ya kanisa, yeye Mwislamu amepita tu na kapu lake, kwamba yule mkimbizi ameandikisha jina lake kwenye orodha ya wanaorudi kwao. Alilisema kwa kuridhika kidogo, na simlaumu.

Jumatatu nilipanda basi la Kibondo. Nilikuwa na kile kitambaa chenye vyombo mapajani, nimekichukua bila kumwambia Elieth. Nilifika Nduta mchana. Sikuruhusiwa kuingia, na sikuwa na karatasi yoyote, nikakaa na kina mama wanaouza mboga nje. Mmoja wao, Mpawenimana, alikuwa jirani ya Ntirampeba humo ndani. Nilipotaja jina akaacha kufunga mafungu ya mchicha.

"Wewe ni nani wake?"

"Si mtu wake."

"Umechelewa. Magari yao yaliondoka Alhamisi."

Nikamuuliza aliondokaje. Akasema aliondoka kimya. Akasema kabla ya hapo watu walikuwa wanampelekea redio zao, simu zao, kama zamani, na yeye anawarudishia bila kuzifungua. "Mimi mwenyewe nilimpelekea tochi ya sola," akasema, "waya umekatika tu, mtoto angeunga. Akanishika mkono akaniambia, 'Mama, mikono yangu imeanza kunidanganya. Mpelekee mwingine.' Mtu aliyezaliwa kambini, kazi yake ndiyo kitu pekee alichotoka nacho humo. Sasa huko alikokwenda atakula nini, na hana hata shamba?"

Nilimpa vyombo. Alisema hajui hata ni mkoa gani ameshushwa, lakini watu huwa wanakwenda na kurudi, akipata mtu wa kweli atavituma.

Nikarudi Kasulu nikamwambia Elieth yote, tangu kisu cha mihogo. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilitaka apige kelele. Aliniuliza swali moja tu, "Alikuuliza, ukamjibu huku unamtazama?" Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani. Ni mwezi sasa, ananipa chakula, ananiita mama, na hakai chumba nilichomo.

Nilikwenda kwa Nurudini. Alinisikiliza huku akipanga makava ya simu juu ya ile meza, maana sasa ameigeuza ya makava. "Mama Elieth," akasema, "huzuni imekupanda kichwani. Yule alikiri mwenyewe mbele ya watu watano. Mtu mzima hakiri asilolifanya." Nilimwambia alikiri kwa sababu nilinyamaza. Akaniambia niende nikapumzike.

Nilikwenda kwa Omary. Mama yao ameshamfuata mzee. Omary akanifungia mlango.

Kwa kuwa mdomo wangu haukusadikiwa, naandika. Nilimwomba Elieth anichapie kwenye mashine ya yule kijana, akakataa. "Ulisema 'sikuona' kwa mdomo wako," akaniambia. "Andika kwa mkono wako." Nimeandika mara tatu. Moja nimempelekea Mpawenimana kule Nduta aiweke pamoja na vyombo. Moja nimeipenyeza chini ya mlango wa Omary. Hii ya tatu nitaibandika dukani kwa Nurudini, ukutani, juu ya ile meza. Akiibandua nitaandika nyingine, na muda wa kuandika ninao.

Ntirampeba, kama imekufikia: swichi uliiacha mbili thelathini. Nilikuwa kwenye kigoda. Niliona.